Shati la Drafti Lilitoka Wapi?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni msichana wa miaka 19. Napenda kuvaa shati kubwa la drafti juu ya gauni la maua, pamoja na buti. Mama anasema nimevaa kama mtu anayekwenda shamba, na dada yangu anasema huu ni mtindo wa granji ulioanzishwa na wabunifu wa New York. Nani mkweli? Na kwa nini mtindo wa miaka ya 1990 haujaisha?
*Msomaji, Mbeya*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika hili mama yako yuko karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa shati hilo lilikuwa vazi la kazi kabla halijawa mtindo. Granji, yaani aina ya muziki wa roki pamoja na mavazi ya wapenzi wake, ilizaliwa Seattle na miji ya jirani katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ambako mvua na baridi hushika miezi mingi, na ambako wakata magogo walivaa kitambaa kizito cha flaneli chenye drafti kwa sababu hutunza joto na haichakai upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, vijana wa bendi za huko, kama Mudhoney, Soundgarden na Nirvana, hawakuwa na fedha, wakawa wananunua mashati hayo katika maduka ya nguo zilizokwisha kuvaliwa, yaani mitumba yao. Kuvaa shati juu ya fulana na sweta juu ya shati kulitokana na baridi tu. Wewe unayeijua Mbeya ya mwezi Juni huhitaji kuelezwa. Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, mzaliwa wa Aberdeen, mji ulioishi kwa biashara ya mbao, alikuwa na sababu ya ziada: hakuupenda wembamba wake, hivyo alirundika nguo ili aonekane amejaa kidogo.

Septemba 1991 Nirvana walitoa albamu ya Nevermind, na mavazi ya Seattle yakajulikana duniani. Hapo ndipo New York ya dada yako inapoingia. Novemba 1992 Marc Jacobs, aliyekuwa mbunifu wa kampuni ya mavazi ya Perry Ellis, aliwapandisha jukwaani wanamitindo Kate Moss, Naomi Campbell na wenzao wakiwa na kofia za kufuma, buti, magauni mepesi, na mashati ambayo ukiyatazama kwa mbali ni flaneli, lakini ukiyashika ni hariri iliyochapwa drafti. Wahakiki wengi waliyashutumu, na miezi michache baadaye Jacobs alipoteza kazi. Wengi humtetea kwamba aliwahi mno; mimi naona kosa lilikuwa kwenye kitambaa, kwani shati lililopendwa kwa bei yake ndogo na joto lake, likishonwa kwa hariri, hubaki picha ya shati. Courtney Love, mke wa Cobain, alisimulia baadaye kwamba walipotumiwa nguo hizo walizichoma moto.

Mtindo wenyewe haujaisha kwa sababu uliondoa sharti la nguo kubana umbo, na ukalegeza mpaka kati ya mavazi ya kiume na ya kike. Mwaka 1993 Cobain alitokea akiwa na gauni la maua kwenye jalada la The Face, jarida la Uingereza. Nawe leo unavaa shati la kiume juu ya gauni. Wabunifu nao hurudi humo humo: Hedi Slimane alifanya hivyo katika kampuni ya mitindo ya Saint Laurent mwaka 2013, na Jacobs aliyatoa upya mavazi yake yale yale mwaka 2018. Mwaka uliofuata, sweta la vifungo alilolivaa Cobain katika onyesho la MTV, kituo cha televisheni cha muziki, la Novemba 1993, miezi michache kabla ya kifo chake, liliuzwa mnadani kwa dola 334,000, likiwa limekosa kifungo kimoja, lina alama ya kuungua, na halijafuliwa tangu siku hiyo.

Wewe, mwanangu, usinunue nguo iliyochakazwa kiwandani. Nenda kwenye mitumba, chagua shati la pamba nzito, uligeuze ndani na kulipapasa: flaneli ya kweli ina malaika laini. Kuchakaa kutakuja kwa kulivaa.