Seva haikughushi kitu, imetumwa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa seva, niko Dodoma. Ofisini tumeagizwa miongozo yetu ya usalama iwe kwa Kiswahili, nami nimekwama kwenye kichwa tu: "Kulinda huduma ya metadata dhidi ya mashambulizi ya kughushi maombi." Mwenzangu anataka "maombi ghushi", bosi anapenda "maombi bandia". Lipi sahihi?

JIBU: Marahaba, fundi. Yote matatu ni Kiswahili safi, na yote matatu yatampoteza msomaji wenu.

Bandia ni mwanasesere kwanza, ndipo ikawa kila kitu chenye sura bila uhai wake. Noti bandia haikutoka Benki Kuu. Kughushi nako ni neno la mahakamani: hati ya kughushi ina sahihi ya mtu ambaye hakuitia. Kwa hiyo ukiandika "ombi la kughushi", msomaji anatafuta ombi lililotengenezwa uchochoroni na kuvishwa jina la seva.

Hebu tutazame kinachotokea. Programu yenu ina kisanduku cha mteja kubandika kiungo cha picha, seva ikaifuate. Siku moja mtu anabandika http://169.254.169.254/ na njia ndefu nyuma yake. Anwani hiyo, ndiyo ya huduma ya metadata yenyewe, haifikiki kutoka nje. Ni ya ndani kwa ndani, na seva ya wingu, yaani ile ya kukodi kwa kampuni kubwa, huitumia kuulizia habari zake yenyewe: inaitwa nani, iko kanda gani, na hapa ndipo penye mali, funguo zake za muda za kuingilia hifadhi za kampuni ni zipi. Seva inakwenda, inauliza, inajibiwa, inarudi na funguo na kumkabidhi yule mteja wa picha.

Sasa ubandia uko wapi? Ombi limetoka kwenye seva halisi, kwa njia yake ya kila siku, na limejibiwa kihalali. Kilicho cha mtu mwingine ni nia tu. Ni kama mtoto wako kutumwa dukani na jirani: "Mwambie Mangi mama kasema akupe kilo mbili za sukari, aandike kwenye daftari." Mangi anamjua mtoto, anampa. Huwezi kusema mtoto ni wa bandia. Katumwa.

Na neno ndilo hilo. Kiswahili hakina haja ya kukopa hapa, kwa sababu kutuma kumeshazaa ukoo mzima wa watu wanaobeba nia ya wengine: mtume, mtumwa, mtumishi. Hata kwenye siasa za mtaani, mtu akizungumza maneno yasiyofanana naye, tunasema "huyu katumwa", na kila mtu anaelewa kwamba mdomo ni wake ila maneno si yake. Sijui kama kuna lugha inayoieleza hila hii kwa neno fupi kuliko hilo. Kiingereza chenyewe kimeng'ang'ania kughushi ("server-side request forgery"), nanyi mmekifuata.

Angalieni mtego mmoja wa sarufi, lakini. Msiandike "shambulio la kutumwa kwa seva". Hiyo "kwa" ina sura mbili, na nusu ya wasomaji watadhani kuna kitu kimepelekwa kwenye seva. Andikeni "shambulio la kuituma seva": kiambishi "i" kinaiweka seva mahali pake, ndiyo inayotumwa. Msimruhusu mhariri aongeze irabu ikawa "kuitumia seva", maana sote tunaitumia seva, hata wenye nia njema.

Kuhusu "kulinda dhidi ya": si kosa, ila kulinda ni kazi ya mlinzi, anakesha na rungu. Mnachoeleza ninyi ni kinga, kama chandarua kinavyomkinga mtoto na mbu bila mtu kukesha. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilitangaza kuvujiwa taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini humo na milioni 6 Kanada. Seva iliyotumwa ndiyo iliyotoa funguo. Novemba mwaka huohuo Amazon, wakodishaji wa seva za wingu, walileta toleo la pili la huduma yao ya metadata, na hiyo ni kinga hasa. Kwenye toleo hilo seva haijibiwi kwa kuuliza tu. Inaomba kwanza tokeni, yaani msimbo wa ruhusa, kwa PUT, aina ya ombi tofauti na lile la kawaida la kufuata kiungo, inapewa yenye uhai usiozidi saa 6, kisha inaambatanisha tokeni hiyo na kila swali. Jirani anaweza kumwelekeza mtoto aende duka gani, lakini kwa kawaida hana namna ya kumchagulia mlango wa kuingilia wala cha kubeba mkononi.

Hapo pana neno jingine la kurekebisha, nalo ni zito kuliko kichwa. Rasimu uliyonitumia inasema toleo la pili "linashauriwa". Futa. Toleo la kwanza likiwa bado linajibu, mvamizi atagonga la kwanza. Atakacho nini kwenye la pili? Andikeni "ni lazima", kisha sentensi inayofuata iseme wazi kwamba la kwanza lizimwe.

Kichwa chenu basi kiwe "Kuikinga huduma ya metadata na seva iliyotumwa". Metadata iacheni ilivyo. "Data kuhusu data" inasikika kama lebo ya kopo, na hamna sababu ya kumfanya msomaji adhani kopo halina funguo ndani. Tokeni nayo msiihangaikie, kila mwenye mita ya LUKU anaijua: tokeni hii, tokeni hizi. "Matokeni" niliyoyaona ukurasa wa tatu yaondoeni.