Kabla Mji Wenu wa Milimani Haujajenga Sanamu

Miji mingi ya milimani inayotaka watalii huanza na wazo moja: tujenge sanamu kwenye kipilefti. Mjumbe mmoja anapendekeza simba, mwingine twiga, mwingine tembo, na kabla kikao hakijaisha fundi ameshapatikana. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kuwatembeza wageni kwa miguu hapa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, naona pia kinachotokea sanamu ikishakamilika. Mgeni anaipita akiwa ndani ya gari. Hapigi picha, hamuulizi mtu chochote, na yule mama aliyepanga mapea yake pembeni hauzi hata tunda moja.

Ndiyo maana nikiombwa ushauri na watu wa halmashauri au wenye hoteli, nawauliza swali moja kabla ya yote: mnataka mgeni afanye nini akiiona hiyo kazi? Sanaa ya mji mdogo wa kitalii ina kazi ya kumshusha mgeni kwenye gari, atembee, akutane na watu, aache fedha mikononi mwao. Kama haifanyi hivyo, saruji hiyo ingekarabati choo cha stendi, na mgeni angewashukuru zaidi.

Nitazungumzia Lushoto kwa sababu ndiyo ninayoijua, ila wenye miji kama Marangu au Tukuyu watajiona humu. Tuko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Mombo, barabara inapanda kwa kona kali hadi Soni kisha Lushoto, kilometa kama 33. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, wakawa wanapanda huku kukimbia joto la tambarare. Tangu katikati ya miaka ya 1990, utalii wa huku umekuwa wa utamaduni na wa kutembea: vijana wa hapa wanawaongoza wageni msitu wa Magamba, Irente, Mlalo, Mtae, wanalala kwa wenyeji, wanakula kwa wenyeji. Mgeni wa aina hii mara nyingi simba ameshamwona Serengeti au atamwona wiki ijayo. Huku amefuata hewa, miti, njia za miguu na watu. Mkimchorea twiga ukutani, mnamwambia kwamba nyinyi wenyewe hamjui alichofuata.

Simba simkatai. Namtaka simba wetu. Kila mtoto wa Kishambaa amesimuliwa habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, aliyewaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mazao ya watu, akagawa nyama, akaua na simba, mwisho watu wakamfanya mfalme. Kizazi chake, Wakilindi, kilitawala kutoka Vuga, na mfalme aliitwa Simba Mwene. Chini ya Kimweri ye Nyumbai, katika karne ya 19, himaya hiyo ilishuka milima na kuufikia ukanda wa pwani. Simba wa hadithi hiyo akichongwa pamoja na mwindaji, mbwa wake na nguruwe, mwongoza wageni anaweza kusimama hapo robo saa akisimulia, na mgeni ataondoka na jambo ambalo Serengeti haina. Simba wa kipilefti asiye na habari hana cha kumpa mtu.

Lakini msikimbilie kuchonga. Hadithi ya Mbegha ni ya Wakilindi kwanza, na zipo koo zilizokuwako milimani kabla yao ambazo zinaisimulia kwa namna yake. Nendeni Vuga, kaeni na wazee, semeni mnachotaka kufanya, msikilize. Na mji wetu una misikiti na makanisa yanayotazamana. Wapo Waislamu ambao sanamu yenye umbo la binadamu inawakwaza, na hilo halihitaji ubishi wa mabaraza, linahitaji busara ya mahali pa kuiweka. Karibu na msikiti, nakshi na mimea vinatosha na vinapendeza. Mara nyingi ugomvi ninaousikia kuhusu sanamu chanzo chake ni kwamba watu waliiona kwa mara ya kwanza siku ya kuizindua.

Ukiacha historia, tuna viumbe wa kutosha. Mbega mweusi mwenye manyoya meupe begani yuko Magamba, na wageni wanasimama njiani wakimtazama mpaka shingo zinauma. Kuna kinyonga wa Usambara ambaye dume lake lina pembe mbili puani. Na kuna lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanalipanda kwenye vyungu madirishani. Mbegu zake zilitoka huku, zikapelekwa Ujerumani na ofisa wa kikoloni aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia. Nimewatembeza Wajerumani waliolea ua hilo jikoni kwao miaka mingi bila kujua kwamba asili yake ni misitu ya Usambara na milima jirani. Wakiambiwa, wanataka kuliona hapo hapo. Ukuta mmoja uliochorwa ua hilo kwa ukubwa wa mlango, na chini yake maelezo ya mistari mitatu kwa Kiswahili na Kiingereza, ungewaleta mjini wageni ambao sasa wanashinda hotelini wakisubiri chakula.

Kuna jambo ninalolipigania kuliko yote, nalo ni udongo. Akina mama wa kijiji cha Kileti wanafinyanga vyungu bila gurudumu. Mama anaweka bonge la udongo chini, analivuta juu kwa mikono huku yeye mwenyewe akilizunguka kwa kinyumenyume, mwili umeinama, nyayo zinachora duara vumbini. Ukingo anaulainisha kwa jani, tumbo la chungu analisugua kwa kokoto ya mtoni iliyolainika kwa miaka ya kazi. Shingoni anachora nakshi, na ukizoea unatambua mkono wa nani umepita hapo. Vyungu vikishakauka vinapangwa uwanjani, vinafunikwa kuni na majani, vinachomwa. Hii ni sanaa iliyokamilika, imo mjini tayari, na kwenye mipango yote ya sanaa niliyowahi kuoneshwa haikuwamo hata kwenye mstari mmoja. Wanaokaa kupanga wanamtafuta msanii kutoka Dar es Salaam wakati msanii anapita mbele yao na mzigo kichwani siku ya gulio.

Nilimweleza mama mmoja mfinyanzi wazo la kupamba ukuta wa stendi kwa vigae vya udongo vyenye nakshi zao. Alifikiri kidogo, akaniambia: "Mwanangu, ni vizuri. Ila waandike na mahali pa kutupata, maana mtu akipenda kitu anataka kwenda nacho." Mpango wowote wa sanaa ya mji ukiandikwa kuanzia kwenye maneno yake, utakuwa mpango mzuri. Wekeni vigae, wekeni jina la kikundi, wekeni njia ya kwenda kijijini kwao. Na walipwe kama wasanii, kwa mkataba.

Sasa mahali. Ombi langu kwa wenye mamlaka ni kwamba msijenge chochote kwenye jabali la Irente. Kila baada ya muda linazuka wazo la kuweka pale herufi kubwa za saruji zenye jina la mji, au moyo mwekundu wa kupigia picha. Pale mtu anasimama ukingoni na nchi nzima ya tambarare inaanguka chini yake, Mazinde na mashamba ya mkonge, nyika ya Wamasai mpaka macho yanapoishia. Hakuna fundi wa kushindana na hilo. Kazi za sanaa wekeni njiani, kwenye zile kilometa chache kati ya mjini na Irente, ambako mgeni anayetembea anapita mbele ya nyumba za watu, wauza matunda, na wanaotengeneza jibini na mikate. Akikuta kitu cha kutazama kila baada ya mwendo kidogo, hatachukua bodaboda moja kwa moja. Atapumzika, atanunua, ataongea na watu.

Tazameni sanamu zilizofanikiwa kwingine. Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, imesimama tangu 1927, na pembe za ndovu za Barabara ya Moi, Mombasa, tangu miaka ya 1950. Zote mbili zilijengwa na wakoloni kwa sababu zao, lakini watu wa miji hiyo wamezifanya zao kwa sababu ziko pale miguu inapopita. Watu wanaelekezana kwa hizo. Iten kule Kenya, takriban mita 2,400 juu, kuna lango tu lililopita juu ya barabara, linalomwambia anayeingia kwamba huu ndio mji wa mabingwa. Halina ufundi mkubwa. Lakini wanariadha wanapita hapo asubuhi na jioni, kwa hiyo maandishi yake ni kweli kila siku, na kila mgeni anapiga picha.

Sasa niseme ya ujenzi, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Huku kwetu kuna ukungu, mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli mwisho wa mwaka, na baridi ya Juni na Julai ambayo haikaushi kitu. Ukuta uliopigwa plasta mwezi wa nne ukichorwa mwezi wa tano, mwaka haujaisha rangi itakuwa inabanduka kama ganda la muwa. Acheni plasta ikauke vizuri, chagueni miezi mikavu, sugueni kuvu yote kwa brashi ya waya, pakeni rangi ya msingi, ndipo msanii aanze. Rangi ya maji ya nje ni bora kuliko ya mafuta kwenye ukuta unaovuta unyevu, kwa sababu inauacha ukuta upumue. Na kabla ya kuchagua ukuta, utazameni wakati mvua inanyesha. Kama bati halina mfereji na maji yanashuka ukutani, wekeni mfereji kwanza.

Sanamu za zege nazo zina ugonjwa wake. Fundi anasuka nondo, anafunga wavu wa kuku, anapaka saruji. Akibana matumizi na kuacha tabaka jembamba, unyevu unaifikia nondo, kutu inavimba, saruji inapasuka. Kwanza inakatika sikio, kisha mguu. Katika mji mmoja wa milimani, ambao sitautaja, nimeona sanamu ya mnyama iliyobaki na nondo tupu mahali pa mkia, watoto wanaipanda, na hakuna ofisi inayokubali kwamba ni yake. Ilijengwa kwa msaada wa mfadhili aliyeondoka, na fedha ya matengenezo haikuandikwa popote. Mfadhili akija, mwambieni sehemu ya fedha itengwe tangu mwanzo kwa kupaka upya na kuziba nyufa, na taarifa ya makabidhiano itaje idara itakayofanya hivyo. Akikataa, ni bora kujenga kidogo.

Vibali viombwe mapema. Barabara ya kutoka Mombo iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, za mitaani nyingi ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ukijenga ndani ya hifadhi ya barabara bila ruhusa utawekewa alama ya X nyekundu ya kubomolewa. Msanii awe amesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na mkataba useme wazi nani mwenye hakimiliki ya mchoro. Wenye hoteli wanapenda kuutumia mchoro wa ukutani kwenye fulana na kadi bila kumlipa aliyeuchora, na sheria ya hakimiliki ya 1999 haiwaruhusu. Vikundi vya akina mama na vijana vinaweza kuulizia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kumbukeni kwamba ni mkopo, hivyo utumike kwa kitu kinachouzika, kama tanuru, ghala la kukaushia vyungu au duka. Mapambo ya mji yalipwe na mji. Philadelphia, Marekani, tangu 1959 wana utaratibu wa kutenga asilimia moja ya gharama ya majengo fulani kwa ajili ya sanaa. Halmashauri zetu zinaweza kukubaliana jambo la aina hiyo na wanaojenga hoteli mpya.

Kuhusu matangazo sina mengi. Bango kubwa la barabara kuu linakula fedha na halimwelekezi mtu kokote. Ramani ya karatasi moja, yenye kazi za sanaa, njia za miguu, vijiji vya wafinyanzi na bei za kawaida, ikiwekwa kila gesti na pale Mombo abiria wanapobadilishia magari, itafanya kazi kubwa zaidi. Madereva wa bodaboda, wauza matunda na wahudumu wa hoteli wafundishwe habari ya kila mchoro, maana mgeni atawauliza wao kabla hajaniuliza mimi.

Na anzeni na kitu kimoja. Ukuta wa stendi unatosha kwa mwaka wa kwanza: vigae vya Kileti, ua la Usambara, mbega mmoja, kazi imalizike kabla ya masika, kisha mwangalie miezi 12 nani anasimama hapo, mvua imefanya nini, na mama wa vyungu ameuza kiasi gani. Mkiwa na majibu hayo, ndipo mkae tena kuzungumzia kipilefti.