Mwinuko wa miji ya Komoro: namba moja haitakusaidia kupanga nyumba

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Unahamia Moroni kikazi na mke, watoto wawili na mama yako, bi mkubwa, ambaye magoti yanamsumbua, na unaomba orodha ya mwinuko wa miji ya Komoro ili ujue wapi tambarare na wapi pana ubaridi. Umeshaona mtandaoni kwamba Moroni iko mita 29 juu ya usawa wa bahari, ukaona basi ni kama Unguja mjini. Nimeona nisikae kimya, maana namba hiyohiyo iliwahi kunitia hasara.

Mie ni fundi bomba, mzaliwa wa Unguja, bibi yangu mzaa mama ni Mngazija. Kuanzia 2011 hadi 2015 nilikaa Moroni kwa mjomba, nikifunga matangi, gata (mifereji ya paa) na pampu kwenye visiwa vyote vitatu: Ngazija, ambako ndiko Moroni, Nzwani na Mwali. (Ukifika kule na ukajitambulisha kuwa ni fundi, watu watakuuliza unasomesha chuo gani. Kwao fundi ni mwalimu, hasa wa dini.) Kazi ya maji inakulazimisha kuijua ardhi, kwa sababu kila mita 10 ambayo maji yanapanda unalipia bar moja ya presha, na pampu haidanganyiki.

Moroni inaanzia baharini kabisa, pale msikiti wa zamani wa Badjanani uliojengwa 1427, ambapo maji yakijaa yanagonga mawe meusi chini ya ukuta. Kutoka hapo mji unapanda. Haufiki pahala ukatulia, kwa sababu umejengwa juu ya ubavu wa mlima wenyewe. Mlima huo ni Karthala, volkano yenye mita 2,361, na kutoka bandarini hadi kasoko yake, yaani shimo la kileleni, ukienda moja kwa moja kama ndege, ni kama kilomita 15 tu. Kwa hiyo anayekwambia "Moroni mita 29" amechagua nukta moja kwenye mteremko. Mtaa wa chini unasikia mawimbi usiku. Ukishika njia ya Mvouni, kijiji cha mlimani juu ya mji, unapanda mamia ya mita, masikio yanaziba kwenye taksi, na bado ukiulizwa unaishi wapi utajibu Moroni.

Sasa hasara yangu. Mama mmoja alijengewa nyumba na mwanawe aliyeko Ufaransa, juu ya njia hiyo ya Mvouni. Boza la maji halikuweza kupanda hadi mlangoni, kwa hiyo birika, yaani tangi la saruji la kuhifadhia maji, likachimbwa chini kando ya barabara kuu, na tangi likawekwa juu ya dari. Nikachukua namba ya mtandaoni ya mji kama usawa wa barabara, nikasoma mwinuko kwenye simu yangu pale darini, nikatoa, nikapata tofauti ya mita 31. Nikanunua pampu ya kusukuma mita 40, nikajiona nimeweka akiba nzuri. Siku ya kuwasha, maji yalipanda mpaka kama nusu ya njia, bomba likatetemeka, basi. Nilirudi na mpira mwembamba wa kuonesha maji, ule wanaotumia waashi kupimia levo, nikapima hatua kwa hatua kutoka birikani hadi darini na kijana mmoja wa kunishikia ncha ya pili. Mita 66. Pampu ya pili nilinunua kwa pesa yangu, na yule mama nilimwomba radhi mbele ya wanawe.

Baadaye ndipo nikaelewa kwa nini simu nayo ilinipotosha. Simu inapata mwinuko kwa setilaiti, na setilaiti haipimi kutoka baharini. Inapima kutoka kwenye umbo laini la dunia lililokokotolewa kwa hesabu, na huku kwetu magharibi mwa Bahari ya Hindi maji ya bahari yako chini ya umbo hilo kwa makumi ya mita. Simu nyingine zinasahihisha, nyingine hazisahihishi. Nimewahi kusimama juu ya mwamba pale bandarini, miguu mikavu, simu ikasoma chini ya sifuri. Kwenye nchi tambarare kosa kama hilo utalisamehe, lakini Ngazija mita 20 ndiyo tofauti ya maji kufika jikoni au kuishia njiani.

Na maji ndiyo swali ambalo ulipaswa kuliuliza kabla ya mwinuko. Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua ipo tele, Moroni hupata karibu milimita 2,700 kwa mwaka, lakini mawe ya volkano ni machanga na yana matundu kama sifongo, maji yanazama na kwenda zake chini hadi pwani. Sisi Tanzania tumezoea kwamba mlima mrefu una chemchemi, unatega juu, maji yanateremka kwa mserereko hadi kijijini bila pampu. Ngazija ina mlima mrefu kuliko yote ya Komoro, na mserereko hakuna. Vijiji vingi vya juu vinakunywa maji ya paa yaliyohifadhiwa kwenye birika la saruji. Pwani kuna visima, lakini vingi vina chumvi kwa sababu bahari inapenya kwenye mwamba huohuo. Moroni yenyewe inavutiwa maji kwa pampu kutoka visima vilivyochimbwa upande wa Vouvouni, kusini mwa mji. Umeme ukikatika, pampu zinasimama, na nyumba za juu ndizo za kwanza kukauka na za mwisho kupata maji yakirudi.

Aprili 2012 nilishuhudia jambo ambalo sikulitegemea kwenye kisiwa kisicho na mito. Mvua ilipiga siku kadhaa mfululizo, maji na matope yakateremka kutoka Karthala, Vouvouni ikafurika, na kituo cha pampu kikaharibika. Mji ukakosa maji ya bomba katikati ya gharika. Nilishinda siku nzima nikiunganisha gata kwenye paa za majirani, watoto wamejipanga na ndoo. Tangu hapo kila anayeniuliza kuhusu kupanga nyumba Ngazija namwambia atazame juu ya nyumba: kuna korongo kavu linaloelekea hapo? Korongo kavu si shamba tupu, limechongwa na kitu, na kitu hicho kitarudi.

Karthala nayo bado hai. Aprili 1977 lava ilitokea ubavuni, si kileleni, ikashuka na kuifuta Singani, kusini mwa Moroni. Ukipita barabara ya Hambou utaona ule ukanda mweusi ulivyokatiza hadi baharini. Novemba 2005 hakuna lava iliyofika mijini, lakini majivu yalinyesha juu ya mapaa na kuingia mabirikani, na zaidi ya watu laki moja wakawa hawana maji ya kunywa. Mke wa mjomba alinisimulia alivyotia kikombe birikani kikatoka na uji wa kijivu. Ndiyo sababu kila birika nililojenga nililitia mfuniko na koki ya kugeuza maji ya mwanzo ya mvua yasiingie. Nawe nyumba utakayoikagua, fungua mfuniko uone kwa macho yako.

Nzwani ni habari nyingine kabisa. Kisiwa hiki ni kikongwe kuliko Ngazija, mawe yake yameshaoza kuwa udongo unaoshika maji, kwa hiyo kuna mito, na mserereko unafanya kazi. Kilele chake ni Ntringui, mita 1,595, na kutoka hapo migongo mitatu inashuka kwenda kwenye pembe tatu za kisiwa. Kati ya migongo hiyo ni mabonde yenye kuta. Mutsamudu imebanwa kati ya bahari na mlima. Mji mkongwe ni vichochoro vya kupita mtu na mzigo wake, na juu yake ipo ngome ya karne ya 18 ambayo unaipanda kwa ngazi, ngazi, ngazi. Nilifunga bomba nyumba moja pale, saruji yote ikapandishwa begani, mfuko mmoja mmoja. Mji niliupenda sana, lakini bi mkubwa wako usimpeleke kuishi Mutsamudu. Bandari yake ina kina, meli kubwa zinafunga ukutani, wakati Moroni meli kubwa hutia nanga nje na mzigo kuletwa kwa matishari. Ni mlima uleule uliowanyima watu uwanja, ulivyoingia baharini kwa wima ukawapa bandari.

Ukivuka kutoka Mutsamudu kwenda Domoni, upande wa mashariki, utaelewa kwa nini watu wa Nzwani hawahesabu safari kwa kilomita. Barabara inapinda, inapanda, inapita karibu na Tsembehou, mji uliokaa ndani ya bakuli la milima, kisha inateremka. Asubuhi kule juu ukungu umelala kwenye migomba na mikarafuu, unataka sweta, na chini Domoni unavua shati. Kinachonisikitisha ni mashamba. Watu zaidi ya 320,000 kwenye kisiwa cha kilomita za mraba 424, ardhi ya tambarare hakuna, kwa hiyo wanalima hadi kwenye mteremko ambao mbuzi anausimamia kwa shida. Msitu ukikatwa juu, chemchemi inapungua chini. Nilipelekwa kwenye mtego wa maji ambao mafundi wa zamani waliulazia bomba la nchi 4. Nilipofika mimi, maji yaliyokuwa yakiingia hayakujaza hata la nchi moja na nusu. Mzee aliyenipeleka alinyamaza muda mrefu, kisha akanionesha kwa mkono alikokuwa akiogelea utotoni. Palikuwa na mawe tu.

Mwali ndiko kupole. Kilele kina mita 790, na Fomboni imekaa kwenye ukanda tambarare wa pwani ambapo mtu mzima anaweza kwenda sokoni na kurudi bila kupanda kitu. Vijito vipo. Kazi hakuna sana, na kwa kuwa ajira yako iko Moroni nakitaja ili ukijue tu, na ili usije ukachanganya: Fomboni ni ya Mwali, Foumbouni ni mji wa kusini mashariki mwa Ngazija. Bambao vilevile, iko ya Ngazija na iko ya Nzwani. Orodha za mtandaoni nimeziona zimebadilishana takwimu za miji yenye majina haya. Kwenda Mwali wengi hupanda boti pale Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija, wakashukia Hoani. Wakati wa kusi bahari ile ina mkono mzito, subiri siku tulivu.

Ubaridi: hesabu nusu digrii na kidogo zaidi kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo nyumba ya mita 400 itakupunguzia kama digrii mbili na nusu ukilinganisha na pwani, na usiku utaona tofauti kubwa kuliko hiyo kwa sababu ya upepo wa mlimani. Lakini huko juu nguo hazikauki upesi na kuta zinaota ukungu mweusi msimu wa kashkazi. Nilipanda Karthala mara moja na mabinamu zangu, tukalala karibu na kasoko mwezi wa Agosti. Niliyekulia Unguja sijawahi kutetemeka vile. Maji ya kunywa tulibeba mgongoni, kila tone, kwenye mlima unaonyeshewa kuliko sehemu yoyote niliyowahi kufanya kazi.

Kwa hali yako, ningetafuta nyumba Moroni, mitaa ya chini ya barabara kuu au ile iliyo juu yake kidogo tu, mahali ambapo taksi inafika mlangoni. Usitake nyumba ya juu kwa sababu ya mandhari. Mitsamiouli, kaskazini, pana tambarare nzuri na ufuko wa mchanga mweupe, bi mkubwa angepapenda, ila utakuwa barabarani kila siku kwenda kazini. Ukienda kukagua, uliza tangi liko wapi na birika linachukua lita ngapi. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 300 kwa mwezi, zinaanguka lita 24,000. Toa moja ya tano kwa kinachomwagika, zilizobaki zinawatosha watu watano wasiochezea maji. Mkataba zungumza na mwanamke mwenye nyumba, si mumewe, maana Ngazija nyumba kwa desturi ni ya mwanamke, na yeye ndiye anayejua birika hukauka mwezi gani.

Hesabu pia ngazi za mlangoni. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye mteremko, upande wa barabara unaona ngazi tatu, upande wa jikoni kumi na nne, na choo kiko upande wa jikoni.