Saa 48 zinaisha leo

Yaya, mkubwa wangu, umeuliza watu wa avenyu, yaani mtaa wenu, wafanye nini kwa jirani Mzambia aliye kasho, selo ya polisi, tangu juzi. Musingoje. Ibara ya 18 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inasema kila anayekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Kama ni Kibemba, basi Kibemba. Ana haki ya kuwasiliana na familia au avoka (wakili), na saa 48 zikiisha aachiliwe au apelekwe mbele ya sheria. Nendeni polisi pamoja, shefu wa avenyu akiwemo, na daftari: saa aliyokamatwa, sababu waliyotoa. Hapa Lubumbashi kila familia hubeba bahasha yake ya hongo kimya, na asiye na ndugu ndiye anayebaki ndani. Inaniuma sana. Wakiwafukuza, pandeni parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, siku hiyo hiyo.