Funguo za duka lililofungwa

*Shangazi, pokea salamu zangu. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Umoja. Duka langu la vifaa vya ujenzi kule Kayole lilianguka mwezi Machi baada ya mwanakandarasi niliyempa saruji na mabati kwa mkopo kuhepa. Nadaiwa milioni 2.3: benki, sacco, na mikopo ya simu. Kwa sacco nilidhaminiwa na shemeji yangu na wenzangu wawili tuliofanya kazi pamoja zamani. Wakili amenieleza kwamba naweza kuomba mahakama initangaze muflisi, lakini jina litachapishwa gazetini. Mke wangu anajua tu kwamba biashara imelala. Kila asubuhi natoka na funguo za duka mfukoni, napanda matatu hadi mjini, naketi bustani ya Jeevanjee mpaka saa kumi. Mlangoni kule Kayole kuna kufuli ya mwenye nyumba. Rafiki ananiambia niandikishe ploti yangu ya Kamulu kwa jina la kaka yangu kabla sijaenda kortini. Shangazi, mimi ni mweka hazina kanisani. Jina langu likitoka, nani atamwoza mwanangu binti yake?*
*Baba Watatu, Umoja*

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara mbili. Gazeti limekuogopesha sana, ila wale watatu waliokudhamini umewataja ukipita tu. Nitawarudia.

Tumalize la gazeti. Gazeti Rasmi la Serikali hutoka Ijumaa, na wanaolisoma ni mawakili, watu wa benki, na wanaofuatilia mambo ya mashamba na mirathi. Hata tangazo likiingia kwenye gazeti la kila siku, litakuwa kule nyuma, kwa herufi za kusomwa na miwani. Majirani zako hawalingojei. Mama mboga aliye mkabala na duka lako alijua siku ile kufuli ilipobadilishwa, akamwambia mtu wa bodaboda, na mtu wa bodaboda unamjua. Siri unayoilinda kule Jeevanjee imebaki kwa mtu mmoja tu ambaye hajaambiwa, naye mnalala kitanda kimoja.

Neno muflisi linatisha kwa sababu wazee wetu walilijua chini ya sheria ya zamani, ambapo ulibaki hivyo mpaka mahakama ikubali kukufungua. Sheria ya Ufilisi ya 2015 ilibadilisha hilo. Ukiwasilisha kwa Mpokezi Rasmi, yule afisa wa serikali anayesimamia mali za waliofilisika, taarifa ya mali na madeni yako yote, unahesabu miaka 3, kisha unaachiliwa, isipokuwa kama kuna pingamizi. Wanaokudai hawakuandami tena mmoja mmoja; wanapitia mlango mmoja. Miaka hiyo huwezi kuendesha kampuni bila ruhusa ya mahakama, na Katiba haikuruhusu kuwania ubunge wala udiwani. Kama ulikuwa umeshachapisha mabango, pole.

Ipo pia njia ya mkato ya miezi 12 kwa mtu asiye na mali ya kuuzwa, mwenye deni la kati ya shilingi 100,000 na milioni 4. Deni lako linaenea humo, lakini ploti inakutoa. Nadhani hapo ndipo rafiki yako alipoanzia hesabu zake. Usimsikilize. Ploti iliyohamishwa kwa kaka wakati wadai wamejaa mlangoni hurudishwa, na kuficha mali ni kosa la jinai. Leo wewe ni mtu aliyedhulumiwa na mwanakandarasi. Siku utakapotia sahihi hayo makaratasi utakuwa mdanganyifu, na kaka yako pia umemwingiza.

Sasa wale watatu. Hapa ndipo aibu ilipo, na hakuna tangazo litakaloiondoa. Mahakama ikikuachilia wewe, mdhamini haachiliwi. Sacco itakata akiba zao. Marehemu mume wangu aliwahi kulipa deni la mwenzake wa kazini kwa miezi 14. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akiweka karatasi ya mshahara mezani, anapitisha kidole kwenye ule mstari wa makato, halafu anaendelea kunywa chai. Hakuwahi kulalamika kuhusu pesa. Lililomkera ni kwamba yule bwana akimwona kwenye Mtaa wa Tom Mboya mjini alikuwa anavuka barabara. "Si angenisalimia tu," alikuwa akisema. Miaka mingi baadaye bado alikuwa akisema hivyo.

Basi usivuke barabara. Nenda kwa kila mmoja nyumbani kwake, ukianza na shemeji, kabla sacco haijamwandikia. Mwonyeshe hesabu kwenye karatasi, hata zile za mikopo ya simu. (Hao wa mikopo ya simu wakianza kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili wakuaibishe, jua kwamba kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza. Weka rekodi, ulalamike.) Usimwahidi tarehe ambayo huna. Shemeji atakasirika, pengine atakuambia maneno mazito. Kaa hapo uyasikie.

Kwa wakili usiulize tu jinsi ya kujitangaza muflisi. Mwulize kuhusu mapatano na wadai chini ya sheria hiyohiyo: ploti iuzwe waziwazi, pesa zigawanywe kwa mpango ambao wadai wameukubali. Usiiuze mwenyewe kimyakimya ukamlipa shemeji peke yake, maana malipo ya kupendelea yanaweza kutenguliwa. Mapatano yakishindikana, omba ufilisi, na hiyo miaka 3 ianze kuhesabiwa.

Kanisani jiuzulu uweka hazina Jumapili hii, vitabu vikiwa vimekaguliwa. Hakuna aliyekutilia shaka, na ni vizuri uondoke hali ikiwa hivyo.

Kuhusu mwanao kuoa, umesema ana miaka mingapi? Hukusema. Nakisia bado anavaa sare ya shule.

Lakini hayo yote ni ya wiki ijayo. Leo usiku watoto wakishalala, toa funguo hizo mfukoni uziweke mbele ya mke wako. Ataanza kuuliza maswali kabla hujafungua mdomo.