Somo la Juliana lilivyotaka kutuponza

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama magonjwa ya mlipuko ya zamani yanatusaidia kuyaelewa ya sasa. Nadhani mlitaka habari za wataalamu. Mimi nitajibu kuhusu majumbani, maana huko ndiko mgonjwa anakolazwa kwanza.

Jibu langu ni ndiyo, na sisi wa Kanda ya Ziwa tulipaswa kuwa walimu wa nchi nzima. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983. Watu wakauita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakivushwa kutoka Uganda.

Mjomba wangu alikuwa mfanyabiashara wa Bukoba na Mwanza, akisafiri kwa meli. Alirudi kwetu Kirumba amekonda, suruali kaifunga kwa kamba. Bibi akamtengea chumba cha uani, sahani yake na kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu ili sisi watoto tusikichanganye na vingine. Vyombo vyake vilioshwa mwisho, kwa majivu. Wageni walitoa pole wakiwa wamesimama mlangoni. Ikasemwa amelogwa na mshirika wake wa biashara, na naamini Bibi aliona nafuu kusikia hivyo, kwa sababu kulogwa hakukuwa na aibu. Mimi ndiye nilimpelekea uji: naweka kwenye kigoda, natoka. Alisubiri nifike uani ndipo anyanyue kikombe.

Siku moja akaja muuguzi mmoja, jirani yetu. Aliomba ugali na sato, akanawa, akaketi mkekani na kula na mjomba sahani moja. Alimchambulia miiba, akamwekea minofu upande wake. Mjomba alikula sana siku ile. Walipomaliza akamwambia Bibi, "Mama, ugonjwa huu hauambukizwi kwa sahani. Kaeni naye." Bibi hakujibu, lakini jioni ule uzi ulikuwa umekatwa. Mjomba alifariki akiwa ameshikwa mkono na dada zake. Nasimulia kwa kirefu kwa sababu yote ambayo ukoo wetu unayajua kuhusu maradhi yalitoka kwenye sahani ile.

Basi Machi 2023 serikali ikatangaza Marburg, homa kali ya virusi, Bukoba Vijijini. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, na mmoja wao mhudumu wa afya. Nikampigia simu shangazi yangu aliyeko huko. Alikuwa anajiandaa kwenda kumwogesha jirani mwenye homa. "Hata enzi za Juliana walitutisha tusiguse watu," aliniambia. Nilitetemeka. Marburg huenea kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa, hata maiti inapooshwa. Utu uleule uliomfaa mjomba ungeweza kumuua shangazi. (Jirani alikuwa na malaria, namshukuru Mungu.)

Hapo ile ndiyo yangu inalegea. Malale yaliua watu zaidi ya 200,000 Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, na wakoloni wakawahamisha watu kutoka visiwani na kando ya ziwa ili kuwatenga na mbung'o wanaoyaeneza. Ukihamisha watu hivyo kwenye Marburg, umeuhamisha ugonjwa wenyewe. Kipindupindu kilitufundisha kuchemsha maji. Marburg haiji kwa maji.

Kwa hiyo mkinibana nitasema hapana, ya zamani hayatuambii mkono uguse nini. Ingawa, na hili silifuti, yanatuambia watu watafanya nini: kumficha mgonjwa, kutafuta mchawi, kumsema vibaya aliyetoka safari. Hayo yangeweza kupangiwa mapema.

Marburg ilirudi Januari 2025, Biharamulo, na sidhani kama ni mara ya mwisho. Wanaopita na kipaza sauti mialoni waanze kwa kusema wazi kwamba huu si kama UKIMWI, usimguse mgonjwa. Kisha, papo hapo, waseme nani atamlisha na kumwogesha, amevaa nini, na ndugu watapataje habari zake kila siku. Wakiishia kwenye "msimguse", shangazi yangu atakwenda.