Saa ya Mwisho ni ya Kupanda: Ushauri kwa Anayetaka Kutembea kwa Miguu Kutoka Monteriggioni Hadi Sutri

Mtu akiniambia kwamba anataka kutembea kwa miguu katika vilima vya Italia ya kati, jambo la kwanza ninalomweleza ni kwamba saa ya mwisho ya siku zake nyingi itakuwa ya kupanda. Nilitembea huko mwezi wa Mei kwa siku kumi na tatu, kutoka Monteriggioni katika mkoa wa Toscana hadi Sutri katika mkoa wa Lazio, na zilinichukua siku nne kulielewa jambo hilo sawasawa. Vijiji vingi vya kule havikujengwa bondeni penye mto, bali vimekaa juu kabisa ya vilima, kwa sababu waliovijenga walitaka kumwona adui akiwa bado mbali, na kwa sababu mabonde mengi, hasa upande wa pwani ya Maremma, yalisumbuliwa na malaria hadi karne ya 20. Mnara utakaouona saa nne asubuhi na kudhani umekaribia kufika, utaendelea kuuona hadi saa tisa alasiri, na njia itakushusha bondeni kwanza kabla ya kukupandisha kwenye lango la mji. Karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unatokana na hilo.

Njia yenyewe inaitwa Via Francigena. Ni njia ya mahujaji waliokuwa wakienda Roma kutoka nchi za kaskazini, na inajulikana zaidi kwa sababu ya Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyekwenda Roma mwaka 990 na ambaye vituo alivyolala wakati wa kurudi viliandikwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1994 Baraza la Ulaya liliitambua kuwa njia ya utamaduni. Leo iko wazi kwa mtu wa dini yoyote, nayo ina alama za rangi nyeupe na nyekundu pamoja na picha ndogo ya hujaji mwenye fimbo. Chukua kile kitabu kidogo cha hujaji ambacho hupigwa muhuri kila unapolala, kwani ndicho kinachokuruhusu kulala katika hosteli za parokia, ambazo ni nafuu na zina watu wema.

Sasa tuzungumzie umbali. Vitabu vya mwongozo hugawa njia kwa vipande vya kilomita 20 hadi zaidi kidogo ya 30 kwa siku, nami nakusihi usivifuate kwa utii. Panga kilomita 18 au 20, na zile siku ambazo haziwezi kukatwa uzifanyie maandalizi ya pekee. Mtu anayetembea kilomita 30 kwa siku huona barabara tu: anafika jioni amechoka, anakuta jengo alilolifuata kutoka mbali limefungwa, na kesho yake anaondoka kabla halijafunguliwa. Nilikutana na vijana wawili waliopita Siena kwa namna hiyo, na hawakuingia Santa Maria della Scala, ile hospitali ya kale inayotazamana na kanisa kuu, ambayo kwa karne nyingi iliwapokea mahujaji, wagonjwa na watoto waliotupwa. Katika ukumbi wake wa mahujaji kuna picha kubwa za ukutani za karne ya 15 zinazoonyesha kazi hiyo yenyewe: mgonjwa akihudumiwa, maskini akigawiwa chakula, mtoto akipokelewa. Mtu aliyefika Siena kwa miguu yake, mwenye malengelenge kwenye visigino, anazielewa picha zile kuliko aliyeshuka kwenye basi. Ipe Siena siku nzima isiyo na kutembea.

Kusini ya Siena utaingia katika vilima vya udongo wa mfinyanzi viitwavyo Crete Senesi. Vikiwa vikavu, njia yake nyeupe ya vumbi ni nyepesi kabisa kwa mguu. Vikilowa mvua, udongo ule unaganda kwenye soli kiasi kwamba kila hatua unainua uzito mpya, na mtelemko mdogo unakuwa wa hatari. Mvua ikinyesha usiku kucha, fuata barabara ya lami iliyo karibu, kwa tahadhari ya magari, au ngoja nusu siku jua likaushe. Fimbo mbili za kutembelea zitakusaidia hapa kuliko kitu kingine chochote ulichobeba.

Siku ngumu kuliko zote ni ile ya kutoka San Quirico d'Orcia kwenda Radicofani, zaidi kidogo ya kilomita 30, na kosa nililolifanya siku hiyo sipendi mtu mwingine alirudie. Nililala San Quirico, nikaondoka saa mbili asubuhi baada ya kunywa kahawa bila haraka, nikiwa na lita moja ya maji kwa kuamini kwamba nitapata mahali pa kujaza njiani. Bonde la Orcia, ambalo tangu mwaka 2004 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ni zuri kwa sababu ileile inayolifanya liwe gumu: ni mashamba ya ngano yaliyo wazi, nyumba iko mbali na nyumba, na kivuli ni kile cha msaiprasi mmoja mmoja kando ya njia. Maji yaliniishia kabla ya saa saba. Ngome ya Radicofani ilikuwa mbele yangu tangu asubuhi, kwenye kilele cha mwamba wa volkano, na kijiji chake kiko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, hivyo sehemu yote ya mwisho ni kupanda tu. Nilikulia Lushoto, na milima haikuwa ngeni kwangu, lakini Usambara kuna vijito na kuna mti wa kukaa chini yake. Mzee mmoja aliyekuwa akilima bustani yake aliniona, akaniita kwa mkono, akanijazia chupa na kunikalisha kivulini mpaka aliporidhika kwamba ninaweza kuendelea.

Kwa hiyo usilale San Quirico. Songa mbele karibu kilomita 5 hadi Bagno Vignoni, ambako uwanja wa kijiji si uwanja bali ni bwawa kubwa la mawe lenye maji ya moto yanayotoka ardhini. Bwawani hairuhusiwi kuoga, ila maji yale hutiririka hadi kwenye mabaki ya vinu vya kale pembeni ya kijiji, na hapo unaweza kukaa ukaiweka miguu yako bila malipo. Asubuhi yake ondoka saa kumi na mbili, ukiwa na lita tatu za maji na chakula cha mchana begini.

Hata katika siku nyepesi, kuondoka alfajiri ni jambo la lazima, kwa sababu katika vijiji vile maduka mengi hufungwa kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi au zaidi, na Jumapili mengine hayafunguliwi kabisa. Anayefika saa nane akiwa na njaa hukuta milango imefungwa na barabara haina mtu. Nunua mkate, jibini na matunda asubuhi, unapopita penye duka lililo wazi. Kwenye bomba la hadhara soma maandishi kwanza: "acqua potabile" ni maji ya kunywa, na likiwapo neno "non" kabla ya "potabile", usinywe.

Julai na Agosti nakushauri uziache, maana joto hufika nyuzi 35 na kupita. Mei ni bora, na mwisho wa Septemba hadi Oktoba pia, ingawa wakati huo msimu wa uwindaji huwa umekwisha kuanza na inafaa kuvaa nguo ya rangi kali. Ukikutana na kundi la kondoo linalolindwa na mbwa wakubwa weupe, usipite katikati ya kundi wala usikimbie. Zunguka mbali, polepole.

Kwa sisi tunaosafiri na pasipoti za Tanzania au Kenya kuna jambo moja zaidi. Maombi ya viza ya Schengen yanadai uthibitisho wa malazi, na mtembea kwa miguu analala mahali tofauti kila usiku. Nilitayarisha jedwali lenye tarehe, mji na hosteli, nikaambatisha uthibitisho wa kila moja, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na halikuulizwa swali. Kisha tembea na pasipoti halisi mwilini. Sheria ya Italia inamtaka mwenye malazi awasilishe taarifa za mgeni polisi, na katika mji mmoja nilikataliwa kitanda kwa sababu nilikuwa na nakala tu, pasipoti yenyewe ikiwa kwenye sanduku nililolitanguliza mbele kwa gari.

Baada ya ziwa la Bolsena ardhi inalainika. Kati ya Montefiascone na Viterbo utakanyaga mawe yenyewe ya barabara ya Warumi, Via Cassia, yaliyopangwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita na bado yanabeba mguu wa mtu. Vua viatu uyaguse. Viterbo penyewe kaa siku mbili, uone kasri ambamo makardinali walichukua karibu miaka mitatu, kuanzia mwaka 1268 hadi 1271, kumchagua Papa, hadi wenyeji wakawafungia ndani, wakawapunguzia chakula na kubomoa paa.

Halafu Sutri. Mji uko juu ya mwamba wa tufo, jiwe laini la volkano, na chini yake kuna uwanja wa michezo wa kale ambao haukujengwa kwa matofali, bali wote umechongwa ndani ya mwamba huohuo, viti, njia na malango. Kando yake kuna makaburi ya kale yaliyochimbwa ukutani mwa jabali kama madirisha, na kanisa dogo la pangoni ambalo zamani lilikuwa hekalu la mungu Mithra. Uliza saa za kufunguliwa siku moja kabla, kwa simu. Panda kwanza mjini, acha begi kwenye malazi, unawe uso, kisha ushuke bila mzigo. Mimi nilikaa kwenye viti vile vya mwamba mpaka mlinzi aliponijia kuniarifu kwamba anafunga, nikapanda kurudi mjini mabega yakiwa matupu kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na tatu.